Maswali yenu: washairi, wachungaji na wasomi wa Wales

Toleo lililopita niliweka kijisehemu kifupi tu kuhusu Hedd Wyn, yule mchunga kondoo wa Wales aliyeshinda kiti cha ushairi akiwa ameshakufa vitani. Nikadhani yameishia hapo, kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimeingia mpaka nimeshindwa kujibu moja moja. Basi leo ukurasa wote ni wa hao watu. Nimechagua maswali saba, mengine nimeyafupisha kidogo ila sijabadilisha maana.

Habari za kazi mhariri. Ile stori ya Hedd Wyn ilinigusa sana ila kuna sehemu sikuelewa. Sehemu moja umemwita Hedd Wyn, nyingine Ellis Evans, lipi jina lake? Na ilikuwaje akapewa tuzo wakati ameshakufa, hawakujua? (Msomaji, Dodoma)

Salama ndugu yangu. Yote ni yake. Nyumbani aliitwa Ellis Humphrey Evans, alizaliwa 1887 kijiji cha Trawsfynydd, mtoto wa mkulima, na shule aliacha akiwa na miaka 14 akarudi shambani kwao Yr Ysgwrn kuchunga kondoo. Sasa kule Wales majina ya ukoo ni machache mno, kila mtu ni Jones, Evans, Williams au Davies, kwa hiyo mshairi anatafuta au anapewa jina la kishairi ili watu wamtofautishe. Hedd Wyn alipewa na mshairi mwenzake mwaka 1910, maana yake ni amani nyeupe, amani yenye heri, ukiwaza ule mwanga wa jua unavyopenya ukungu wa asubuhi mabondeni. Jina la amani, halafu angalia alivyoishia.

Mwanzoni mwa 1917 ilibidi kijana mmoja kutoka pale nyumbani aende jeshini, akaenda yeye ili mdogo wake Bob asichukuliwe. Shairi lake la mashindano alilianza nyumbani akalimalizia Ufaransa kwenye kambi, akalituma kwa posta kwa jina la siri, Fleur de Lis, manake majaji wa Eisteddfod, yale mashindano ya taifa ya ushairi ambayo mshindi hupewa kiti, wanasoma bila kujua nani kaandika. Tarehe 31 Julai 1917, siku ya kwanza kabisa ya mapigano ya Passchendaele kule Ubelgiji, akapigwa akafa. Miaka 30.

Sherehe yenyewe ilikuwa tarehe 6 Septemba mjini Birkenhead, na Waziri Mkuu Lloyd George, Mwelshi anayekijua Kiwelshi vizuri, alikuwepo ukumbini. Utaratibu ni kwamba mshindi anaitwa kwa lile jina la siri asimame alipo. Wakaita Fleur de Lis. Hakusimama mtu. Wakaita tena, kimya. Mara ya tatu pia kimya. Hapo waandaaji walikuwa na taarifa tayari, ikatangazwa kwamba mshindi ameuawa vitani, kiti kikafunikwa kitambaa cheusi na watu wakalia ukumbi mzima. Kiti chenyewe kilichongwa na fundi mkimbizi aliyekimbia vita hiyohiyo kutoka Ubelgiji, nchi aliyozikwa mshairi. Kikapelekwa kwa wazazi Trawsfynydd na mpaka leo kipo kwenye ile nyumba ya shambani, mpwa wake aliitunza miaka mingi na kukaribisha kila mgeni aliyebisha hodi. Mi kila nikifika hapo kwenye kuita mara tatu huwa naacha kusoma kidogo.

Shikamoo mwandishi. Mimi natunga mashairi ya vina na mizani, nimesikia ushairi wa Wales una sheria ngumu kuliko wetu. Ni kweli au ni sifa tu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kweli kabisa, na we kama mtunzi utaipenda hii. Wao wana kitu kinaitwa *cynghanedd*, yaani ulinganifu, na haishii mwisho wa mstari kama vina vyetu, inaingia ndani ya kila mstari. Aina yake mojawapo inataka konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari zijirudie kwa mpangilio uleule nusu ya pili, irabu ndo zibadilike. Nimejaribu kutunga mfano kwa Kiswahili ili uone: *kitabu changu, katiba changa*. Hesabu konsonanti, k-t-b-ch-ng kushoto, k-t-b-ch-ng kulia. Sasa fikiria unatakiwa ufanye hivyo, au mojawapo ya aina zake nyingine, kila mstari, shairi la mistari mia mbili na zaidi, na bado liwe na maana na limtoe mtu machozi. Halafu kuna bahari 24 za jadi za kuchagua. Ile fupi maarufu, *englyn*, ina mistari minne na silabi 30 kamili (10, 6, 7, 7), wanaichonga mpaka kwenye mawe ya makaburi.

Ubishi wetu wa ushairi huru na ushairi wa mapokeo na wao wanao, ila waliamua kila upande uwe na zawadi yake: Eisteddfod ya taifa inatoa Kiti kwa shairi la sheria za jadi na Taji kwa shairi huru. Mi naona ni uamuzi wa busara sana. Aliyeziweka hizo sheria za jadi vizuri kitabuni ni John Morris-Jones, profesa wa Bangor, mwaka 1925, lakini usidhani ni mambo ya maprofesa peke yao. Tangu 1979 kuna kipindi redioni, Talwrn y Beirdd, timu za washairi kutoka wilaya mbalimbali zinashindana, na ndani yake unakuta wakulima, walimu, wachungaji wa makanisa.

Mbona wote ni wanaume? Hakukuwa na mwanamke hata mmoja? (Dada yenu, Mombasa)

Dada yangu, umeuliza swali nililokuwa nalisubiri.

Alikuwepo Ann Griffiths, na kwangu mimi ndo mkubwa kuliko wote nitakaowataja leo. Alizaliwa 1776 kwenye shamba linaitwa Dolwar Fach, katikati ya Wales. Ujana wake alipenda ngoma na dansi, baadaye akaingia kwenye ule uamsho wa Wamethodisti, akaingia mzimamzima. Akawa anatunga tenzi za dini akiwa kwenye shughuli za nyumbani, na hakuwa na mpango wa kuzichapa. Alikuwa anazisema kwa sauti, na aliyekuwa karibu naye ni msichana wa kazi, Ruth Evans.

Ruth hakujua kuandika. Lakini kichwa chake kilishika kila kitu.

Ann aliolewa Oktoba 1804, akajifungua mtoto wa kike katikati ya 1805, mtoto akafa, na Agosti mwaka uleule yeye mwenyewe akafuata. Miaka 29. Kilichobaki kwa mwandiko wake ni barua moja tu na ndani yake ubeti mmoja. Ingekuwa mwisho wa habari. Ila mwaka huohuo Ruth alikuwa ameolewa na John Hughes wa Pontrobert, mfuma nguo aliyekuwa mwalimu na baadaye mchungaji, rafiki wa zamani wa Ann, basi mke anasema kutoka kichwani na mume anaandika. Beti sabini na kitu. Thomas Charles, mhubiri wa mji wa Bala, akazichapa 1806, na tangu hapo Wawelshi hawajaacha kuziimba. Ule wake unaojulikana zaidi unaanza *Wele'n sefyll rhwng y myrtwydd*, ambayo ni kama kusema tazama, amesimama kati ya mihadasi.

Watu wakisimulia habari hii wanamtaja Ann, wanamtaja mchungaji, Ruth wanampitia juujuu tu. Mi sikubaliani. Bila kumbukumbu ya yule msichana wa kazi tungebaki na ubeti mmoja. Sisi tuliolelewa na bibi zetu wanaoshika utenzi mzima kichwani tunajua kabisa hiyo ni kazi ya kiwango gani.

Nyie mnasifia tu, mi nauliza lugha ndogo kama hiyo iliponaje wakati wako ubavuni mwa Waingereza? Kifaransa na Kiingereza vimemeza lugha ngapi? (Msomaji, Bujumbura)

Swali zito. Jibu langu ni kasisi mmoja wa kijijini, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1536 sheria ya Henry wa Nane iliiunganisha Wales na Uingereza na ikasema wazi kwamba anayetumia Kiwelshi hapewi cheo chochote serikalini isipokuwa atumie Kiingereza. Mahakamani Kiingereza, ofisini Kiingereza. Kilichobaki ni kanisa, na huko nako ibada zilikuwa zinahamishwa kutoka Kilatini kwenda Kiingereza, yaani mwananchi wa kawaida angeketi kanisani asiambulie kitu. Mwaka 1563, chini ya Elizabeth wa Kwanza, bunge likapitisha sheria Biblia itafsiriwe kwa Kiwelshi, lakini sheria hiyohiyo ikasema ya Kiingereza iwekwe pembeni yake kanisani ili watu wakilinganisha wajifunze Kiingereza. Ona hesabu yao ilivyokuwa.

Agano Jipya likatoka 1567, kazi kubwa ya William Salesbury, msomi hasa, ila aliandika maneno kwa tahajia yake mwenyewe ya kufuatisha Kilatini na ikawa shida kusoma mbele ya watu. Ndo akaja William Morgan. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima mpangaji kutoka bonde la Wybrnant, akasoma Cambridge akajua Kiebrania na Kigiriki, akapangiwa parokia ya Llanrhaeadr-ym-Mochnant huko milimani mbali na kila kitu. Na huko hakupata raha, aligombana na baadhi ya watu wa parokia yake mpaka mahakamani, kesi juu ya kesi. Katikati ya hayo yote akaitafsiri Biblia nzima. Kisha akakaa London karibu mwaka mzima kusimamia uchapaji, kwa sababu wachapaji hawakujua neno hata moja la Kiwelshi na kila ukurasa ungeweza kuharibika. Ikatoka 1588. Baadaye akawa askofu, akafa 1604 akiwa hana mali ya kusema.

Umuhimu wake ni huu: Morgan alikuwa anaijua lugha ya washairi wa zamani, akatumia Kiwelshi safi, chenye heshima, kikawa kipimo cha wote, kaskazini na kusini. Ghafla lugha iliyofukuzwa mahakamani ikawa na kitabu kinachosomwa kila Jumapili kila kijiji. Ikarekebishwa 1620 na hiyo ndo ikatumika karne tatu na zaidi.

Halafu miaka ya 1730 kasisi mwingine, Griffith Jones wa Llanddowror, akaanzisha shule za kuhamahama. Mwalimu anakuja kijijini miezi michache, wakati wa baridi shamba likiwa halina kazi nyingi, anafundisha wakubwa kwa wadogo kusoma Biblia kwa Kiwelshi, akimaliza anahamia kijiji kingine. Mpaka anafariki 1761 zilikuwa zimeshafanyika shule zaidi ya 3,000. Watumishi, vibarua, wazee wa miaka sitini, wote wanasoma. Kwa hiyo ukiniuliza lugha iliponaje nakwambia jeshi halikuhusika, watu walifundishwa kuisoma kabla haijachelewa.

Ila nisikudanganye kwamba mambo ni shwari. Sensa ya 1911 ilihesabu wasemaji karibu 977,000, ya 2021 imehesabu kama 538,000.

Kuna binti tulisimuliwa shule ya Jumapili alitembea peku kwenda kununua Biblia, na huyo alikuwa wa huko? (Msomaji, Iringa)

Ndiyo, ni Mary Jones, binti wa mfuma nguo kutoka Llanfihangel-y-Pennant. Alidunduliza hela miaka kama sita, na mwaka 1800 akiwa na miaka 15 akatembea kama kilomita 40 hadi Bala kwa Thomas Charles, yuleyule aliyechapa tenzi za Ann. Charles alikuwa anahangaika sana na uhaba wa Biblia za Kiwelshi, akaenda kulia shida London, mwenzake mmoja kwenye kikao akauliza, kama ni kwa Wales kwa nini isiwe kwa dunia nzima? Ndo kikazaliwa chama cha Biblia cha Uingereza na nchi za nje, 1804. Sasa unganisha na kwetu: Biblia nzima ya kwanza ya Kiswahili, ile ya 1891 iliyotokana na kazi ya Zanzibar, ilichapwa na chama hichohicho, na ile ya 1952 ambayo pengine ipo mezani kwa mama yako, hichohicho pia kilihusika.

Kaka mwandishi, nimesoma mahali kwamba mchungaji wa Wales alifungwa kwa kuchoma moto kambi ya jeshi. Mtumishi wa Mungu anachomaje mali ya serikali? (Msomaji, Nakuru)

Umesoma sawa, mchungaji Lewis Valentine wa kanisa la Baptisti, na hakuwa peke yake, alikuwa na Saunders Lewis, mwandishi na mhadhiri wa chuo Swansea, na D. J. Williams, mwalimu na mwandishi wa hadithi.

Serikali ilitaka kujenga shule ya kufundishia marubani kutupa mabomu. Sehemu za Uingereza zilizopendekezwa mwanzo zilipingwa, wengine wakitetea ndege wa porini na mabata maji wa pale, na serikali ikasikiliza. Ikahamia Penyberth, rasi ya Llŷn, eneo la Kiwelshi kitupu, penye nyumba ya kale iliyohusishwa na washairi na mahujaji. Wawelshi wakapinga, vikundi na makanisa yanayowakilisha watu karibu nusu milioni, Waziri Mkuu Baldwin hakutaka hata kuuona ujumbe wao. Usiku wa tarehe 8 Septemba 1936 hao watatu wakachoma vibanda na mbao za ujenzi, halafu wakaenda wenyewe kituo cha polisi kujisalimisha. Baraza la wazee wa mahakama Caernarfon likashindwa kukubaliana, kesi ikahamishiwa London, wakafungwa miezi tisa kila mmoja. Walipotoka 1937 watu wapatao 15,000 walikusanyika Caernarfon kuwapokea. Saunders Lewis alishafukuzwa kazi chuoni.

Sikuambii kuchoma ni halali, kila mtu atapima na dhamiri yake. Ninachosema ni kwamba hawakukimbia, hawakumsingizia mtu. Na Lewis huyuhuyu tarehe 13 Februari 1962 alitoa mhadhara redioni, hatima ya lugha, akasema Kiwelshi kitakufa kikiendelea kuachwa hivi. Vijana waliosikia wakaanzisha chama cha kuitetea lugha mwaka uleule, wakawa wanang'oa vibao vya barabarani vya Kiingereza, wengine wakafungwa. Leo Kiwelshi ni lugha rasmi Wales, kwa sheria ya 2011.

Umeongelea washairi na wachungaji, wasomi wako wapi? Na je siku hizi bado wapo watu wa hivyo? (Mwanachuo, Morogoro)

Mdogo wangu, tatizo la Wales ni kwamba ukimshika mmoja unawashika wote watatu, ndo maana nimewachanganya. Ila ukitaka usomi mtupu chukua kamusi kuu ya Chuo Kikuu cha Wales: kazi ilianza 1921, watu wa kujitolea wakisoma maandishi ya kale na kunakili maneno kwenye vikaratasi, sehemu ya kwanza ikachapwa 1950 na ya mwisho ikatoka 2002. Wengi walioianza hawakuiona ikiisha.

Wa siku hizi unamjua, hasa kama ni Mwanglikana: Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury 2002 mpaka 2012. Mzaliwa wa Swansea, alikuwa profesa Oxford, anatunga mashairi, na amewatafsiri washairi wa Kiwelshi, Ann Griffiths akiwemo.

Lakini anayenikaa moyoni ni R. S. Thomas (1913–2000). Alizaliwa Cardiff, akalelewa kwa Kiingereza, akawa kasisi wa parokia za vijijini: Manafon, Eglwys-fach, mwisho Aberdaron kule ncha ya Llŷn. Kiwelshi alijifunza ukubwani ili aweze kuzungumza na watu wa milimani. Akakijua vizuri kabisa, akahubiri nacho, akakipigania, ila ushairi ukamgomea. Alisema shairi linatoka kwenye lugha ya utotoni, na ya kwake ilikuwa ile ya wengine. Kwa hiyo mashairi yake yote makubwa, yaliyomfanya apendekezwe kwa tuzo ya Nobel 1996, yako kwa Kiingereza, na ilimuuma maisha yake yote. Wangapi kati yetu tunaandika kwa lugha moja na kulia kwa nyingine?

Mwaka 1985 alitoa kitabu cha maisha yake, hicho aliandika kwa Kiwelshi. Humo anajiita "yeye", hajiiti "mimi". Jina la kitabu ni *Neb*, na tafsiri yake ni Si Mtu.